Usimfungie mtu ukidhani ni roboti

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia eeh? Sawa. Chukulia una tovuti ya kukatia tiketi za basi Dodoma kwenda Dar, vyuo vinafunga kesho, mara siti zote zimeshikwa usiku wa manane na hakuna aliyelipa. Hao sio abiria, hizo ni roboti, yaani programu zinazojifanya watu mtandaoni, na kazi yako ni kuzijua bila kumuumiza abiria wa kweli.

Mgeni anakwambia mi ni Chrome ya simu ya Android, niko Dodoma. Poa. Angalia skrini yake, 800 kwa 600, sasa simu gani hiyo? Tachi hana. Saa yake iko UTC, ile saa ya kimataifa, wakati sisi tuko masaa matatu mbele. Grafiki zake zinachorwa na SwiftShader, ile programu inayoshika kazi ya kadi ya grafiki pale ambapo kadi haipo, kama kwenye seva. Kimoja kimoja unaweza ukasamehe, ila vyote kwa mpigo, huyo anadanganya. Kuna navigator.webdriver pia, alama ya ndani ya kivinjari, kivinjari kikiendeshwa na Selenium, ile programu ya kukiendesha bila mtu, inatakiwa isome true, yaani ndiyo, lakini mjanja anaificha kwa mistari michache tu ya programu, kwa hiyo ikisoma false, yaani hapana, haijakwambia kitu.

Sasa hili ndo linaniuma. Watu wengi wakiona maombi mengi yanatoka IP moja, yaani anwani moja ya mtandao, wanaifungia hapo hapo. Ndugu zangu, mitandao ya simu inaweka wateja kibao nyuma ya IP moja, wanaita CGNAT, ukifunga hiyo umemfungia mwanafunzi wa UDOM, umemfungia na mama wa Kongwa anayetaka kumuwahi mgonjwa Dar. Na mwenye Opera Mini, kile kivinjari chepesi cha simu, je? Kurasa zake zinaandaliwa kwanza kwenye seva za Opera, zinabanwa ndo zinamfikia, JavaScript nyingine, zile programu ndogo za ndani ya ukurasa, hata hazifanyi kazi vizuri. Ukipima kizembe huyo ni roboti kabisa, kumbe anabana bando tu!

Kwa hiyo mpe kila mgeni alama za kushukiwa, zikizidi usimfukuze, mtumie namba ya kuthibitisha kwa SMS kabla hajashika siti, na siti isiyolipiwa iachie baada ya dakika kumi. Na kabla hujawasha chochote, acha mfumo uandike tu kwenye logi, yaani kumbukumbu zake, wiki nzima bila kumzuia mtu, halafu kaa uzisome mwenyewe, uanze na za Opera Mini.