Madereva Teksi wa Tijuana

SUDI: Tupo hewani? Haya. Jamani, Jumanne nusura nipigwe.

TUNU: Karibuni wasikilizaji. Hiyo ndiyo salamu yake leo.

SUDI: Da' Tunu, mchana kweupe. Nimechukua teksi pale stendi, ile mvua unaijua, tumekubaliana elfu 15. Kufika kwangu mzee anasema elfu 25, foleni imemla mafuta. Nikaanza kubisha.

TUNU: Wewe tena.

SUDI: Hakunijibu. Akazima gari, akavua saa ya mkononi, polepole, akaitia kwenye mfuko wa shati. Halafu akafunga kifungo cha mfuko.

TUNU: Kifungo!

SUDI: Kifungo! Mtu anayefunga kifungo ana mpango. Namtazama sikio, limekunjamana lile la watu wa ulingoni. Nikatoa elfu 25 na ya maji juu. Usiku nimelala namuwaza yule bondia Greg Haugen.

TUNU: Ndiyo maana ukanitumia ujumbe saa saba usiku, "tufanye Chávez". Sawa. Julio César Chávez, bondia wa Meksiko, na mimi nimejiandaa, nina karatasi hapa. Masomo matatu kuhusu kujua wakati wa kuacha.

SUDI: Tutafika. Kwanza teksi. Mwaka 1993 Chávez hajapoteza hata pambano moja, ameshacheza zaidi ya 80. Anapangiwa Haugen, Mmarekani aliyeanzia kwenye mashindano ya vibabe kule Alaska, mdomo haumtulii. Haugen akasema rekodi ya Chávez imejaa madereva teksi wa Tijuana, mji wa Meksiko. Watu anaowapitia wakitoka kazini.

TUNU: Na asichekwe sana, Haugen hakuwa mtu wa kupita njia. Alishakuwa bingwa wa dunia uzani wa lightweight, na ndiye wa kwanza kumfunga bondia Héctor Camacho.

SUDI: Basi Februari 20, uwanja wa Azteca, Mexico City. Watu zaidi ya 130,000. Kwa ajili ya ngumi!

TUNU: Haugen alikuwa amesema Wameksiko 130,000 wenye hela ya tiketi hawapo.

SUDI: Wakaja. Kengele imelia, nusu dakika haijatimia, Haugen yuko chini. Chávez angeweza kummaliza palepale, lakini mimi naamini alimbakiza makusudi. Raundi ya pili, ya tatu, ya nne, anampiga taratibu, ini, mbavu, ini. Ya tano mwamuzi akaona inatosha.

TUNU: Halafu Haugen akaulizwa.

SUDI: Akasema basi hao madereva teksi lazima walikuwa wagumu sana.

TUNU: Hapo nilimpenda. Uso umeharibika na utani bado upo.

SUDI: Mimi namwamini sana kwa hilo. Wa kwangu yule angecheza raundi kumi.

TUNU: Ila ngoja, tuwe wakweli. Haugen alikuwa na hoja. Zile rekodi za mwanzo za Chávez, kule Culiacán, Tijuana, kijana anapanda ulingoni mara nyingi kwa mwaka, wapo humo madereva kweli. Hata hapa kwetu unajua bondia anavyotafutiwa mtu wa kuangusha ili rekodi ing'ae.

SUDI: Ndivyo ngumi zinavyofundishwa! Huyu alikulia kwenye behewa bovu la treni, baba yake mfanyakazi wa reli, ndugu kibao. Hakuwa na timu ya Olimpiki ya kumlea. Shule yake ndiyo hao madereva.

TUNU: Na lile la Miguel Ruiz, 1981? Alimwangusha wakati kengele inalia, mwamuzi akamwondoa Chávez kwa kosa hilo, Ruiz akatangazwa mshindi. Meneja wa Chávez akaenda kwa wakubwa wa kamisheni ya ngumi, matokeo yakageuzwa. Ile sifuri ya kufungwa unayoimba ina kiraka.

SUDI: Kiraka kimoja kwenye mapambano yote yale! Mwaka 1984 anachukua mkanda wa dunia wa WBC, shirika la ngumi, kwa Mario Martínez, pale Olympic Auditorium, Los Angeles. Mwaka 1987 anamchakaza Edwin Rosario raundi 11 mpaka unamwonea huruma. Rosario alikuwa teksi?

TUNU: Rosario alikuwa basi la mkoa.

SUDI: Roger Mayweather?

TUNU: Huyo alipigwa mara mbili, 1985 na 1989. Daladala, akirudi kituo kilekile anajua konda ni yuleyule.

SUDI: Camacho?

TUNU: Camacho teksi ya harusi. Imepambwa mawaridi, haiendi mbio.

SUDI: Whitaker sasa.

TUNU: Pernell Whitaker bodaboda. Unamwona huyu hapa, unanyoosha mkono, kesha pita kwa nyuma yako. San Antonio, Septemba 1993, raundi 12 Chávez anapiga hewa. Majaji wawili wakatoa sare. Sare ile ilikuwa zawadi, na wewe unajua.

SUDI: Najua. Ile sibishi.

TUNU: Wasikilizaji, andikeni tarehe.

SUDI: Ila Meldrick Taylor nabisha.

TUNU: Nilijua. Yaani nilijua tangu saa saba usiku.

SUDI: Machi 17, 1990, Las Vegas. Wote hawajafungwa. Taylor kijana wa Philadelphia, medali ya dhahabu ya Olimpiki 1984, mikono huioni. Kwa wingi wa ngumi anaongoza waziwazi, majaji wawili kati ya watatu wamempa yeye. Raundi ya 12, zimebaki sekunde chache, Chávez anamtia mkono wa kulia, Taylor chini kwenye kona. Ananyanyuka! Mwamuzi Richard Steele anahesabu mpaka nane, anamuuliza uko sawa, halafu anapunga mikono, kwisha. Raundi ni dakika tatu, saa inasoma dakika 2 na sekunde 58. Sekunde mbili, da' Tunu. Ukipiga chafya imelia kengele.

TUNU: Alimuuliza mara mbili. Mara mbili! Hakujibiwa.

SUDI: Kwa sababu kocha wake Lou Duva alikuwa anapanda kamba anapiga kelele, kijana akageuza shingo kumtazama! Wewe mtu wako akiita jina lako hugeuki?

TUNU: Basi mlaumu Duva. Na Duva huyohuyo ndiye aliyemwambia kabla ya raundi ile kwamba anaihitaji. Anaongoza, wewe unamtuma akagombane! Angecheza mbali dakika tatu, tungekuwa tunaongea habari nyingine leo.

SUDI: Duva namlaumu. Lakini taa nyekundu ya sekunde kumi za mwisho inawaka palepale juu ya nguzo ya ile kona. Steele anaiona. Kuna hatari gani ndani ya sekunde mbili? Chávez yuko upande wa pili, hata kumfikia hawezi.

TUNU: Steele alisema yeye saa haimhusu. Akiona mtu ametosheka, anasimamisha. Na mimi hapo simtoi. Siku mwamuzi akianza kupiga hesabu ya sekunde badala ya kutazama macho ya mtu, atakuja kukosea siku zimebaki sekunde 40. Taylor alikuwa amemeza damu, amevunjika mfupa wa uso.

SUDI: Alivunjika kabla! Unanisaidia mimi. Madhara yalishaingia raundi ya sita, ya nane, ya kumi, Steele kanyamaza. Sekunde mbili za mwisho ndiyo anakumbuka afya? Kijana amelipa gharama yote halafu mzigo ananyang'anywa mlangoni.

TUNU: Kwa hiyo kwa sababu alichelewa, asisimamishe kabisa?

SUDI: Kwa sababu alichelewa, amwachie alichokipata.

TUNU: Nenda kamsikilize Taylor anavyoongea miaka ya baadaye, maneno yanavyomshinda. Halafu uniambie habari za mkanda.

SUDI: Nimemsikiliza. Ndiyo kinachoniuma. Amebaki na yale yote, na mkanda hana.

TUNU: ...

SUDI: Umenyamaza.

TUNU: Sijanyamaza kwa kukubali. Nimenyamaza maana tunazunguka. Mimi ningekuwa mama yake, ningempa Steele mkono.

SUDI: Mimi ningekuwa baba yake, ningevua saa.

TUNU: Na kifungo!

SUDI: Na kifungo.

TUNU: Halafu dunia ina mambo. Januari 1994, Frankie Randall anampa Chávez kipigo cha kwanza rasmi, anamwangusha raundi ya 11, mara ya kwanza kuanguka. Majaji wamegawanyika, na Chávez alikatwa pointi mbili kwa kupiga chini ya mkanda. Mwamuzi nani?

SUDI: Steele.

TUNU: Steele! Na Chávez akamlalamikia. Ukimtetea aliyedhulumiwa, naye Chávez siku hiyo alikuwa na kesi.

SUDI: Hiyo Mungu alikuwa anasawazisha mahesabu. Randall yeye nani?

TUNU: Dereva teksi haswa. Alisubiri abiria mpaka usiku mnene, akampata mmoja tajiri.

SUDI: Jamaa wa hapa nje anatuonyesha saa. Tumebakiwa na dakika mbili, kuna wenzetu wa mahubiri wanaingia.

TUNU: Masomo yangu sijasoma hata moja! Oscar De La Hoya hatujamgusa, 1996, yule mtoto wa Los Angeles, wazazi Wameksiko, anampasua raundi nne, na Meksiko nzima inamchukia kwa kushinda. Kokeini na pombe hatujagusa, na vituo vya kutibu waraibu alivyokuja kuvifungua mwenyewe. Pambano la mwisho 2005 Phoenix, mkono umeumia, anabaki kitini.

SUDI: Soma moja basi, la haraka.

TUNU: La kwanza nimeandika, "Bingwa ajue..." Hapana, ni refu. Lina vipengele.

SUDI: Lina vipengele!

TUNU: Achana nayo. Nitayatia kwenye kipindi cha wiki ijayo. Au nisiyatie, maana wiki ijayo tulisema ni bondia Salvador Sánchez, na huyo hakuishi akaja kuamua habari ya kustaafu.

SUDI: Wiki ijayo ni Sánchez, sawa. Mje na maoni ya Taylor, nataka nihesabu watu wangu.

TUNU: Na wangu. Mtumie namba ileile ya sauti, msiandike insha.

SUDI: Wenye teksi pia mtume.

TUNU: Sudi, wanaingiza vyombo, toa begi lako hapo kwenye kiti.