Mahali Mfugaji Anapotikisa Kichwa

Mhadhara kwa wahubiri walei na makatekista, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda

Bwana asifiwe. Na kwa ndugu zangu Wakatoliki, tumsifu Yesu Kristo.

Mmeniomba niseme juu ya mifano ya mifugo na kilimo katika mafundisho ya imani. Humu ndani wamo wazee waliochunga ng'ombe Mulenge, huko Kongo, kabla sijazaliwa, wamo akina mama waliokimbia Masisi, Kongo pia, maharage yakiwa bado shambani, na wamo wenyeji wa hapa Ankole ambao ng'ombe wa pembe ndefu wanamtambua kwa rangi na jina. Kwa hiyo kuchunga na kulima sitawafundisha. Nina neno moja tu la kuwapa. Tunapohubiri mifano ya Yesu tunakimbilia pale inapofanana na kazi zetu, na watu wanaitikia Amina. Mimi naomba tusimame pale ambapo mfugaji au mkulima anatikisa kichwa na kusema, "Hapana, kazi haifanywi hivyo." Hapo ndipo penye mahubiri.

Chukueni Luka 15. Kondoo mia, mmoja kapotea. Yesu anauliza ni nani kwenu asiyewaacha wale wengine nyikani akamtafute mmoja. Haya, kamuulize mfugaji wa Karamoja, kule kaskazini-mashariki mwa Uganda. Atakujibu bila kupepesa macho: mimi siwaachi. Kule mifugo hulala ndani ya boma la miiba na vijana wa kulinda, maana usiku mmoja wa uzembe wezi wanaondoka na kundi zima. Hapa Ankole siku hizi mashamba mengi yana seng'enge, labda ungethubutu. Lakini nyikani, pasipo uzio wala mwenzako wa kubaki nao? Aliyepotea ni hasara. Unasikitika, unahesabu tisini na tisa, unawarudisha nyumbani kabla giza halijaingia. Hiyo ndiyo hesabu ya mfugaji, na ni hesabu sahihi.

Sasa mfano unaanza kuuma. Mafarisayo walikuwa wananung'unika kwamba huyu anakula na wenye dhambi, na hesabu yao ilikuwa ile ile ya mfugaji: aliyepotea kapotea, tuwalinde waliopo. Ukihubiri Luka 15 kana kwamba kila mchungaji mwenye akili timamu angefanya hivyo, umewapa Mafarisayo haki bila kujua, kwa sababu umeondoa kile kilichowashtua.

Mathayo 13, ngano na magugu, ni hivyo hivyo. Ngano huku kwetu si zao la wengi, basi tutumie ulezi. Mama wa Ankole akipalilia ulezi huinama sana, kwa sababu shambani limo jani-mwitu ambalo ni ndugu yake kabisa. Likiwa changa, mgeni hawezi kuyatofautisha. Yeye hulishika, huligeuza, hulitazama tena, ndipo analing'oa. Akikosea, kang'oa chakula cha watoto. Akiliacha, litakomaa na kumwaga mbegu chini kabla ulezi haujavunwa, na msimu ujao atalikuta limezaana. Kwa hiyo hapumziki: anapalilia, anarudia.

Msomee mama huyo maneno ya mwenye shamba: "Viacheni vyote vikue hata wakati wa mavuno." Atacheka. Bwana shamba gani huyu? Mkulima yeyote hukubali kupoteza mashina machache ya mazao ili shamba lipone. Mwenye shamba wa Yesu hataki kupoteza hata shina moja, na yuko tayari kuonekana mvivu mbele ya majirani. Sisi wa makanisani ni hodari wa kupalilia. Binti kasikika na mimba, mzee kaonekana kilabuni, Jumapili inayofuata jina limesomwa. Sisemi kanisa lisiwe na nidhamu. Mathayo 18, juu ya kumwonya ndugu aliyekosa, ipo. Nasema jembe letu lina haraka kuliko la mama wa ulezi, naye ana sababu kuliko sisi.

Mbuzi na kondoo nitapita haraka. Mathayo 25 inawashangaza watu wa huku, maana mbuzi ndiye anayepelekwa kwa wakwe, sasa iweje yeye ndiye awekwe kushoto, upande wa waliohukumiwa? Tuache ubishi wa heshima ya mbuzi. Kondoo wetu wengi hawana sufu nyingi, kwa mbali kundi ni moja. Mpaka ukaribie uone mkia: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umening'inia. Na katika mfano wenyewe, pande zote mbili zinauliza swali lile lile: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa?" Hakuna aliyejijua.

Yohana 15 nayo, matawi ya mzabibu yanayosafishwa yazae zaidi: mizabibu hatuna. Hubirini kwa kahawa. Kila mwenye mibuni anajua uchungu wa kukata shina lililo hai ili mti uzae upya.

Lakini kuna mfano mmoja ambao tumeuharibu kwa mikono yetu, nao ni wa mbegu. Siku hizi mtu akisimama na kusema "panda mbegu", waumini wanashika simu watume pesa, na wanaahidiwa mia kwa moja. Luka 8:11 iko wazi: "Mbegu ni neno la Mungu." Tena mkulima gani hupanda katika shamba la mwenzake, kisha akakaa akingoja kuvuna kwake? Na mpanzi wa Yesu hakuahidiwa lolote: nyingine njiani, nyingine kwenye mwamba, nyingine miibani. Akina mama wa Nakivale waliopanda mahindi mvua ikakatika wanaujua mfano huu kuliko mhubiri mwenye kipaza sauti.

Nimalizie na Yohana 10. "Mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo." Wapo wafugaji wanaokufa wakipigania ng'ombe, tunalijua hilo, lakini wanapigana wakitumaini kurudi na kundi. Mchungaji akifa, nani atamzuia mbwa-mwitu? Yesu anasema autoa mwenyewe, hakuna anayemwondolea. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana la Uganda, mzaliwa wa Mucwini huko Kitgum, alichunga mbuzi utotoni. Jambo hili alilijua bila kufundishwa. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga mauaji yaliyokuwa yakifanywa nchini. Tarehe 16 mwezi huo huo akauawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Mtu wa mshahara, anayetajwa katika sura hiyo hiyo, yeye hukimbia, na kusema kweli simlaumu: ng'ombe si wake, na malipo ni ya mwezi. Kabla hujahubiri Yohana 10, wakae chini vijana wanaochunga kwa mshahara, uwaulize wangekimbia wakati gani. Kisha ujiulize na wewe.

Sasa maswali. Atakayeuliza kwa Kinyamulenge, lugha ya watu wa Mulenge, au Runyankore, lugha ya Ankole, aulize tu, mtafsiri yupo. Akina mama waanze, maana saa kumi wanatakiwa kwenye foleni ya maji.