Kabla hujasema "watu hawaelewi", nenda kawaulize

Habari za mchana jamani, asanteni kwa kuja, wale mliosimama huko nyuma sogeeni tu, hapa mbele nafasi zipo. Nimeombwa niongelee risechi za sayansi ya jamii zinazofanyika vyuo vikuu, zinaisaidiaje jamii. Swali hili naulizwa hata na ndugu zangu wa damu, wananiambia daktari anatibu, injinia anajenga daraja, wewe unazunguka na madodoso yako, unatibu nini? Ni swali la haki kabisa, mtu anayelipwa mshahara kwa kuuliza watu maswali anapaswa kulijibu.

Nianze na chandarua. Kuna kipindi kulikuwa na mabishano makubwa kweli, chandarua chenye dawa kigawiwe bure au watu wachangie kidogo. Waliotaka watu wachangie walikuwa na hoja ambayo hata wewe hapo ulipokaa ungeikubali, kwamba cha bure hakithaminiwi, mtu ukimpa bure atakwenda kuvulia samaki, ila akitoa hela yake mwenyewe atakitunza. Inaingia akilini, na miradi mingi ikawa inaendeshwa hivyo. Sasa watafiti wawili wa uchumi, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wakaenda magharibi mwa Kenya, wakachukua kliniki 20 za wajawazito, wakazigawa kwa bahati nasibu, baadhi chandarua ni bure, nyingine kina bei, bei ya juu kabisa shilingi 40 za Kenya, na chache zikaachwa bila mradi ili ziwe za kulinganishia. Halafu hawakuishia kliniki, waliwafuata wale akina mama hadi nyumbani, mtu anaingia ndani anaangalia kwa macho yake, chandarua kimetundikwa au bado kiko kwenye mfuko wake?

Walichokuta ni hiki. Bei ilipotoka kwenye bure ikaenda shilingi 40, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, yaani kama akina mama 60 katika kila 100, na hiyo shilingi 40 ni baada ya bei halisi kupunguzwa kwa asilimia 90! Na wale waliopewa bure, walikitundika sawa tu na walionunua. Yaani ile hoja nzuri iliyoingia akilini mwa kila mtu mezani, ilipopelekwa majumbani kwa watu haikusimama. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikuwa limeshasema vyandarua vigawiwe bure au kwa ruzuku kubwa, na utafiti huu ukatoka rasmi 2010 ukawapa nguvu waliokuwa wanatetea msimamo huo. Dawa iliyomo kwenye chandarua ni kazi ya wanakemia, sikatai, ila chandarua kinachobaki stoo kwa sababu mama hana shilingi 40 hakizuii mbu hata mmoja.

La pili ni zito kidogo, mnivumilie. Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, Guinea, Liberia na Sierra Leone, walikufa watu zaidi ya 11,000. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza sana, kwa hiyo mazishi yalikuwa njia kubwa ya ugonjwa kusambaa, WHO walikadiria angalau asilimia 20 ya maambukizi mapya yalitokea kwenye mazishi. Kitaalamu jibu lilionekana rahisi, chukueni mwili haraka, mzike mbali, basi. Wakaja watu wamevaa masuti meupe mwili mzima, sura hazionekani, wanapulizia dawa, wanamfunga marehemu kwenye mfuko wa plastiki, gari linaondoka na familia haijui kaburi liko wapi. Pale Monrovia, mji mkuu wa Liberia, ikatoka hadi amri ya kuchoma miili. Hebu jiweke wewe, ni mama yako. Watu wakaanza kuficha wagonjwa, wakawa wanazika usiku kimyakimya, na ugonjwa ukazidi kusambaa, huku kwenye ripoti kunaandikwa "jamii ina upinzani, jamii haina uelewa".

Ni wanaanthropolojia, yaani watafiti wa mila na maisha ya watu, wengi wao watu wa vyuo vikuu waliokuwa wanazijua jamii zile miaka mingi kabla ya Ebola, ndio walikaa chini na familia wakauliza kitu ambacho hakikuwa kimeulizwa vya kutosha: katika mazishi, ni kipi hasa hakiwezi kuachwa? Na majibu yakawa yanawezekana. Ndugu waruhusiwe kuona wakiwa mbali kidogo. Imamu au mchungaji aombe. Kaburi liwe na jina. Muislamu afanyiwe tayamamu, yaani kutakaswa kwa udongo mkavu, badala ya kuoshwa kwa maji, na avikwe sanda. Novemba 2014 WHO ikatoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima, na hayo mambo yamo. Virusi ni vilevile, masuti ni yaleyale, ila sasa familia yenyewe inapiga simu kuita timu ije.

Nikiwa na muda ningewaeleza na ya vitabu vya shule, nitagusia tu. Watafiti walifuatilia mradi uliogawa vitabu vya kiada mashule ya Kenya, kila mtu akitegemea maksi zipande, wastani haukupanda, walionufaika ni wale waliokuwa wanaongoza tayari, maana vitabu vilikuwa vya Kiingereza na kwa watoto wengi pale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu.

Sasa na sisi watafiti tuna deni letu, na linaniuma. Niliwahi kuingia kwa mama mmoja na dodoso la maswali ya maji, akanisikiliza hadi mwisho halafu akaniambia, "Mwanangu, wewe ni wa tatu kuja kuuliza maji, hao wawili wa mwanzo walijibu nini?" Sikuwa na jibu, maana hata mimi ripoti zao nilikuwa sijazitafuta.

Tangu siku ile kwenye bajeti zetu naweka hela ya kurudi. Na tuliporudi pale tukawasomea matokeo yetu, tulikuwa tumeandika watu wanachota mtoni kwa sababu kisima kiko mbali. Wakaguna. Mmoja akasimama akasema, "Kisima hakiko mbali, kinafungwa saa kumi na moja jioni na sisi tunatoka shamba saa kumi na mbili." Dodoso letu lilikuwa limeuliza umbali, saa halikuuliza. Tulifuta ile sura nzima tukaandika upya, na pendekezo la kwanza kwenye ripoti likawa ni nani akae na funguo za kisima.

Haya, nani ana swali? Yule dada wa nyuma nimemuona amenyoosha mkono muda mrefu.