Kufundisha na Kutafiti Sayari Baada ya Uzamivu

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya ufundishaji na utafiti anayopewa mhitimu wa shahada ya uzamivu katika sayansi ya sayari, na nitaanza na ugumu wake mkubwa, yaani muda. Mikataba ya namna hii kwa kawaida hudumu miaka miwili au mitatu, ilhali safari za kwenda kwenye sayari huchukua muda mrefu zaidi. Chombo cha New Horizons kiliondoka duniani Januari 2006, kikaipita Pluto Julai 2015. Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kuifikia Mshtarii mwaka 2030. Mtafiti anayetegemea data ambazo bado hazijafika atamaliza mkataba wake chombo kikiwa njiani.

Kwa sababu hiyo, namshauri kila anayeandika pendekezo la utafiti aitazame kwanza hazina iliyokwisha kukusanywa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chombo cha Magellan kilichora ramani ya Zuhura kwa rada, kwa kuwa mawingu mazito ya sayari hiyo huificha ardhi yake. Mwaka 2023, yaani zaidi ya miaka 30 baadaye, watafiti Robert Herrick na Scott Hensley walichapisha matokeo ya kulinganisha picha mbili za eneo la Maat Mons, mlima wa volkano wa Zuhura, zote za mwaka 1991, zilizopishana kwa miezi minane. Tundu la volkano lililokuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 2.2 lilikuwa limepanuka likafikia karibu 4, na umbo lake lilikuwa limebadilika.

Naomba tukae hapa kidogo. Katika picha ya kwanza rada ilimulika ardhi kutoka upande mmoja, na katika ya pili kutoka upande wa pili, hivi kwamba mteremko uliong'aa katika picha moja waweza kufifia katika nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiwekewa picha hizo mezani atauliza: tunajuaje kwamba kilichobadilika ni tundu, wala si upande wa kulitazama? Swali hilo ndilo lililowabana watafiti wenyewe. Walilazimika kuunda maumbo mbalimbali ya tundu kwa kompyuta na kukadiria jinsi kila moja lingeonekana kwenye rada, ndipo wakaridhika kwamba ardhi yenyewe imebadilika. Mimi siafikiani hata kidogo na wanaohesabu saa za darasani kuwa zimeporwa kutoka kwenye utafiti, kwa maana asiyeweza kumjibu mwanafunzi huyu hawezi pia kumjibu mhakiki wa makala yake.

Hata hivyo, kuandaa somo kwa mara ya kwanza humeza muhula mzima. Idara inayomkabidhi mtafiti mchanga masomo matatu mapya katika mwaka wake wa kwanza imejipatia mwalimu kwa gharama nafuu, na utafiti aliouahidi utabaki kwenye karatasi. Afadhali apewe somo moja, alirudie mwaka unaofuata, na lihusiane na anachokichunguza.

Kwa anayefanya kazi maabara, maandalizi yaanze mapema zaidi. Sampuli za asteroidi Bennu, mwamba unaolizunguka Jua, zilizoletwa na chombo cha OSIRIS-REx Septemba 2023 zina uzito wa gramu 121.6 tu, kila chembe hutolewa kwa maombi yanayopitiwa kwa makini, na anayesubiri hadi aripoti kazini ndipo aandike ombi anajipunguzia mwenyewe miezi ya kupima.

Kabla ya kutia sahihi, idara na mtafiti waandikiane pia yatakayofuata mkataba ukiisha: nani atatunza programu alizoandika, vipimo ambavyo havijachapishwa vitakuwa chini ya nani, na mwanafunzi anayeandika tasnifu chini yake atasimamiwa na nani hadi amalize.