Brashi Isiyokosea: Wahakiki na Gemu za Uchoraji

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Nimeombwa kuzungumzia namna gemu zinavyohakikiwa. Mada hiyo ni pana mno kwa saa moja, kwa hiyo nimechukua gemu moja tu, Concrete Genie, nyingine zitapita njiani. Nimeichagua kwa sababu wahakiki waliitendea haki kwa kiasi kikubwa, ila nadhani walipoikosoa walinyoosha kidole mahali pasipo penyewe.

Kwa ambao hawajaicheza: ilitoka Oktoba 2019 kwa PlayStation 4, na waliitengeneza PixelOpus, studio ndogo ya Sony iliyokuwa San Mateo, California. Mhusika mkuu ni mvulana anayeitwa Ash. Anaishi Denska, mji wa bandari uliohamwa, nyumba tupu na kuta zimeingiwa na giza linalotambaa kama mmea. Ash hana rafiki zaidi ya daftari lake la michoro. Siku moja watoto watukutu wanamzingira, wanampokonya daftari, wanachana kurasa na upepo unazisambaza mji mzima. Kisha kwenye mnara wa taa anapata brashi ya ajabu, na kila anachochora ukutani kinapata uhai. Kutoka hapo kazi yako ni kupita mtaa kwa mtaa ukipaka rangi hadi taa zilizozimika ziwake tena.

Sifa zake nadhani mnazikisia. Gemu inapendeza macho, na sina la kuongeza hapo. Unapochora usiku, mwanga wa rangi unamwagika kwenye mawe yaliyolowa na kumwangaza Ash usoni. Majini, yaani viumbe wa ajabu unaowachora wakapata uhai, wanakufuata ukuta kwa ukuta, wanacheka, wanataka kuchezewa. Kwamba ni fupi, wengi walilisema, lakini mimi sijawahi kuelewa kwa nini ufupi ni kosa.

Lawama iliyorudiwa mara nyingi zaidi ni ya mapigano. Kwa sehemu kubwa ya gemu hupigani na mtu. Unapanda mapaa, unawakwepa wale watukutu, unachora. Halafu unapokaribia mwisho mambo yanageuka: majini wabaya wanatokea, brashi inakuwa silaha, na kijana wetu mpole anarusha moto, umeme na upepo huku akiteleza barabarani juu ya rangi. Wengi waliona sehemu hii imebandikwa tu, kana kwamba kuna mtu aliingia ofisini akasema gemu isiyo na vita haiuziki.

Nami naiona imebandikwa. Lakini swali la mhakiki lisiishie hapo. Kwa nini ilihitajika? Gemu ilikuwa imepungukiwa na nini mpaka ikaenda kuazima mapigano?

Tuangalie uchoraji wenyewe unavyokwenda. Unafungua daftari, unachagua mchoro: nyasi, mti, ua, jua, nyota, upinde wa mvua. Unabonyeza kitufe, unainamisha pedi ya kuchezea gemu, na mstari unafuata mkono wako ukutani. Ukiburuta kwenda juu, shina la mti linarefuka, na matawi yanachipua yenyewe kulia na kushoto. Ukiburuta pembeni, nyasi zinaota na kuanza kuyumba. Sasa jaribu kuchora vibaya. Fanya makusudi kabisa. Tikisa mkono, fumba macho, rundika majua matano juu ya mti mmoja. Ukifumbua macho unakuta picha ya kalenda. Ni nzuri, imetulia, unaweza kuitundika sebuleni. (Mnacheka, lakini nina hakika wapo hapa waliojaribu.)

Mkono wako umeamua mahali na ukubwa. Umbo limeamuliwa na mtu mwingine zamani, na amelichora vizuri kuliko utakavyoweza wewe.

Watetezi wa gemu wana hoja hapa, na siyo hoja dhaifu. Watu wengi huacha kuchora wakiwa wadogo, siku mtu alipowacheka. Ukiwapa ukuta mtupu na brashi huru wataganda. Isitoshe, hii ni hadithi ya mtoto anayedhihakiwa kwa ajili ya michoro yake. Je, gemu nayo imdhihaki mchezaji? Watengenezaji waliamua kwamba kila atakayeshika brashi hii, awe mtoto wa miaka saba au bibi yake, atoke na kitu cha kujivunia. Ni uamuzi wa huruma, na ninauheshimu.

Tatizo ni kwamba hadithi inasema jambo moja na mkono unahisi lingine. Tunaambiwa kuchora kunataka ujasiri. Tunaambiwa Ash anaweka moyo wake kwenye karatasi na wenzake wanaukanyaga. Lakini wewe mwenye pedi hujaweka chochote. Hakuna ulichochora ambacho mtu angeweza kukucheka nacho. Hata majini, ambao ndio watazamaji wako wa kwanza, hawana maoni. Jini akitaka kitu, picha yake inatokea juu ya kichwa: tufaha. Unampa tufaha, anaruka kwa furaha, anakujazia rangi ya nguvu ya kufukuzia giza. Huyo ni mteja ameagiza na ameletewa. Sijawahi kumwona jini akiutazama mti wangu na kuinamisha kichwa kwa mashaka.

Ndiyo maana nasema mapigano hayakuanguka kutoka mbinguni. Gemu ya matukio ya kusisimua inahitaji hatari mahali fulani. Ukiiondoa kwenye brashi, lazima uilete kwa njia nyingine, na njia iliyo karibu zaidi kwa watengenezaji wa gemu ni kugombana. Wahakiki waliona kiraka, hawakutazama nguo ilichanikia wapi.

Mtu anaweza kuniuliza: basi hatari kwenye brashi ikoje, mchezaji afe kwa kuchora vibaya? La. Kwa mfano, chukueni Okami ya mwaka 2006, gemu ya Kijapani ambamo wewe ni mungu wa kike wa jua katika umbo la mbwa mwitu. Unasimamisha dunia, skrini inakuwa karatasi, unachora. Duara angani, jua linachomoza. Mstari juu ya adui, anakatika. Pale unaweza kukosea, na gemu inakukatalia: hili siyo duara. Lakini ni kukosea kwa amri, hakuhusiani sana na sanaa. Wahakiki waliipenda mno, na lawama yao kubwa ilipokuja kwenye toleo la 2008 la Wii, mashine ya Nintendo inayofuata mwendo wa mkono, ilikuwa kwamba brashi haisomi mkono sawasawa. (Toleo hilohilo, kule Marekani, jalada lake lilichapwa na alama ya IGN, tovuti ya uhakiki wa gemu, ikionekana kwenye picha. Wahakiki walifika hadi kwenye boksi!)

Ninayotaka kuilinganisha hasa ni Chicory, iliyotoka Juni 2021, kazi ya Greg Lobanov na wenzake. Wewe ni mbwa, mfanyausafi wa msanii mashuhuri. Msanii huyo ni sungura, ndiye Chicory mwenyewe. Amejifungia chumbani, hataki tena kuishika brashi, na rangi zote zimetoweka duniani. Unaiokota. Hapo hakuna mchoro ulioandaliwa. Kuna ulimwengu wa mistari myeusi juu ya weupe, rangi chache kwa kila eneo, na mkono wako. Ukiicheza kwa pedi, kidole gumba kimoja kinamtembeza mbwa na kingine kinaburuta brashi, na matokeo yake ni fujo. Rangi inavuka mpaka wa paa, inaingia mtini, inampaka mpita njia. Unaweza kufuta. Aghalabu unaiacha, na ukirudi baadaye unaikuta palepale, mbaya vilevile, ni yako.

Baadhi ya wahakiki walilalamika kuhusu ugumu huo wa vidole. Kwangu hiyo ndiyo mashine yenyewe ya gemu. Chicory inahusu mtu anayejiona hastahili brashi aliyopewa, na kila mara mbwa yule anapotilia shaka uwezo wake, mimi nina ushahidi mbele yangu kwamba ana sababu: ule ukuta nilioupaka. Wenyeji wanausifu, na mbwa hajui aamini au wanamfariji tu. Hata mimi sijui. Hapo mkono na hadithi vinasema lugha moja, bila mtu kurusha moto kuelekea kwa mtu. Naam, Chicory ina mapambano na mabosi, yaani maadui wakubwa, lakini mipangilio inakuruhusu kuyaruka, na ukiyaruka bado una gemu nzima mkononi. Concrete Genie ukiiondolea vita vyake, kinachobaki ni matembezi mazuri sana.

Hayo matembezi, hata hivyo, nitayatetea. Kuna usiku mtu hataki kujaribiwa. Ninachokataa ni gemu kunipa starehe hiyo kisha kuniambia nimekuwa jasiri.

PixelOpus ilifungwa Juni 2023, kwa hiyo hatutaona timu ile ikijibu hoja hizi katika gemu ya pili. Pedi ziko mbili hapa mezani, zote zimechajiwa; ya kushoto ina Concrete Genie, ya kulia Chicory. Anayebisha aanze na ya kushoto, anichoree kitu kibaya. Maswali tutayajibu mkiwa mnacheza.