Salim Mnamjua, Mselle Je?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu mliopo, shikamooni. Ndugu wanafunzi, habari za mchana.

Mada niliyopewa ni ndefu: vipaumbele vya Tanzania katika ushirikiano wa kimataifa kuhusu maendeleo, amani na mageuzi. Vipaumbele vyenyewe sitavisoma. Vimo kwenye Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, toleo la 2024, iliyozinduliwa Mei 2025. Diplomasia ya uchumi imo, ulinzi wa amani umo, Kiswahili kimo. Kasomeni. Mimi nitauliza swali ambalo wanaonifahamu wameshalichoka: pesa ya vipaumbele hivyo inaamuliwa katika chumba gani, na humo ndani sisi tumemweka nani?

Nianze na mtihani mdogo. Nani anamjua Dk. Salim Ahmed Salim? Naona mikono yote. Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa 1979, mgombea wa Ukatibu Mkuu wake 1981, Marekani ikamkatalia kwa kura ya turufu; mnaisimulia vizuri kuliko mimi. Haya, nani anamjua Conrad Mselle?

Mikono miwili, na yote ya wastaafu. Nilijua.

Mselle ni Mtanzania aliyeongoza kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kamati ya Ushauri ya Masuala ya Utawala na Bajeti ya Umoja wa Mataifa. Kila ombi la fedha analoandika Katibu Mkuu hupita kwanza pale. Ajira mpya, safari za ndege, magari, kodi ya ofisi, vyote vinachambuliwa kimoja kimoja. Ripoti yao ndiyo inayopelekwa Kamati ya Tano ya Baraza Kuu, na Kamati ya Tano ndiyo inayokubaliana nani alipwe nini. Ina maana Katibu Mkuu, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa anakwenda na karatasi zake mbele ya Mtanzania kueleza kwa nini anataka nafasi kumi na si saba. Kwenye hotuba zetu za kujivunia historia, huyu hatajwi kabisa.

Mtasema ni mambo ya wahasibu. Subirini tupige hesabu.

Wanachama wako 193, na kila mmoja ana asilimia yake. Marekani imewekewa kikomo cha juu, asilimia 22 ya bajeti ya kawaida. Nchi zilizo kwenye orodha ya zile zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, sisi tukiwemo, zina kikomo chao cha asilimia 0.01. Bajeti ya kawaida ya 2025 ilikuwa kama dola bilioni 3.72, kwa hiyo 0.01 yake haifiki dola laki nne. Kwa ulinzi wa amani tunapata punguzo la asilimia 90 juu ya hapo, tunabaki na 0.001. Bajeti ya misheni ya mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024 ilikuwa karibu dola bilioni 5.6. Sehemu yetu inakuja kama dola elfu hamsini na sita. Hiyo ndiyo tunayotoa.

Sasa angalia inayoingia. Kiwango ambacho Umoja wa Mataifa hurejesha kwa serikali kwa kila askari kiliwekwa dola 1,428 kwa mwezi mwaka 2018, na hupitiwa upya mara kwa mara. Kiwango ni kimoja, uwe Mnepali, Mrwanda au Mtanzania. Chukua batalioni ya watu 850, saizi ya ile tuliyopeleka Kongo kwenye Brigedi ya Kuingilia Kati iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Machi 2013. Zidisha mara kumi na mbili. Unapata zaidi ya dola milioni 14.5 kwa mwaka kwa askari peke yao, kabla hujagusa vifaa.

Najua kuna anayenung'unika huko nyuma: kwa hiyo tunapeleka vijana wetu kufa kwa ajili ya dola? Sikusema hivyo, na waliouawa Semuliki Desemba 2017 hawastahili kusemewa hivyo. Ninachosema ni kwamba nchi iliyokubali kupeleka watu wake ina wajibu wa kujua kila mstari wa mkataba uliowapeleka. Heshima kwa askari inaanzia kwenye boza la maji linalowaka asubuhi.

Na boza hilo sitaliacha, maana ndipo pesa inapovujia.

Kikosi hakiendi na bunduki tu. Kinakwenda na deraya, malori, jenereta, mahema, jiko, redio na hospitali ndogo. Serikali na Umoja wa Mataifa wanasaini hati ya makubaliano inayoorodhesha kila kitu, pamoja na bei yake ya kukodishwa kwa mwezi. Kukodisha kuna namna mbili. Ya kwanza, unaleta gari na unalitunza mwenyewe: spea zako, matairi yako, mafundi wako. Ya pili, unaleta gari, matunzo anayabeba mwingine. Ya kwanza inalipa zaidi, na wengi huichagua kwa sababu ya tarakimu bila kujiuliza spea zitafikaje Beni, kule mashariki mwa Kongo.

Kila robo mwaka wakaguzi wanakuja na karatasi. Hawaulizi kama una moyo wa kizalendo. Wanawasha injini, wanajaribu breki na taa, wanasoma mita ya jenereta, wanaangalia kama redio ya ndani ya gari inasikika. Kwa kila kundi la vifaa, angalau asilimia 90 iwe inafanya kazi. Una malori ishirini, mawili yamelala juu ya mawe: unalipwa kamili. Likilala la tatu, umeshuka chini ya mstari na malipo yanakatwa. Tangu 2013 kuna kanuni nyingine yenye meno zaidi: vifaa muhimu vikikosekana au vikiwa vibovu kwa muda mrefu, makato yanagusa hata yale malipo ya askari. Lori limekufa, na pesa ya mtu imepungua.

Upande wa huduma ambazo kikosi kinajipatia chenyewe, kama jiko, malazi, mawasiliano, ufuaji na tiba, ni kali zaidi. Huko hesabu inapigwa kwa kichwa, na huduma inafikia kiwango au haifikii. Friji za jiko zikishindwa kutunza ubaridi unaotakiwa, unaweza kukosa malipo ya jiko kwa askari wote 850, hata kama wamekula ugali wa moto kila siku.

Kinachoharibu ni nini hasa? Risasi mara chache. Chujio la dizeli la shilingi elfu kadhaa. Mafuta yameingia maji, pampu inayosukuma dizeli kwenye injini imekufa, spea inaagizwa nyumbani, zabuni inatangazwa, mshindi anapatikana, mzigo unakaa bandarini ukisubiri msamaha wa kodi, miezi minne imepita. Katikati ya hapo kikosi kinabadilishwa. Fundi aliyejua ugonjwa wa gari amerudi nyumbani, aliyekuja analikuta limefunikwa turubai. Nchi nyingi zinazochangia askari zinapitia hili. Zinazofanikiwa zimefanya jambo moja la kawaida: zimeweka shehena ya spea zinazokwisha haraka pale pale misheni, na kumwachia afisa mmoja wa vifaa akae kupita zamu ya kikosi chake, akiwa na daftari linalofanana na la mkaguzi.

Na viwango hivyo vya kukodisha vinapangwa na nani? Kuna kikundi kazi cha wataalamu wa nchi wanachama kinachokutana kila baada ya miaka mitatu. Tairi la lori kwenye matope ya Kivu linaisha mapema kuliko kwenye lami, hilo halihitaji shahada. Lakini lisiposemwa mle ndani, likiwa na takwimu za matengenezo, halitalipwa.

Mwenyekiti ananiangalia. Niendelee.

Kuna kanuni ya fedha ambayo watu wakielezwa mara ya kwanza hudhani wanataniwa. Tuseme bajeti ya misheni ni 100. Wanachama wamelipa 80, wengine wamechelewa au wamegoma. Misheni inajibana, inatumia 80. Mwaka ukifungwa, ile 20 inahesabika kuwa iliidhinishwa na haikutumika. Kanuni inasema isiyotumika irudishwe kwa wanachama kwa kupunguziwa ankara zinazokuja. Ishirini ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti inarudishwa! Misheni inaanza mwaka mpya ikiwa na deni la pesa ambayo haikuiona. Mnakumbuka Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulipotangaza kupunguza karibu robo ya walinda amani wake kwa sababu fedha hazipo? Wasiolipa ndio waliochimba shimo. Kanuni hii inazidi kulichimba.

Kuibadilisha hakuhitaji kugusa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kura ya turufu haipo pale, ni uamuzi wa Baraza Kuu kupitia Kamati ya Tano, na kwa desturi iliyojengeka tangu 1986 bajeti hupitishwa kwa maafikiano. Vikao vikuu ni Oktoba hadi Desemba, kisha Machi, kisha Mei na Juni kwa ajili ya misheni. Sisi ujumbe wetu mzito unakwenda Septemba, wiki ya hotuba. Oktoba tumesharudi, na Kamati ya Tano ndiyo kwanza inafungua mafaili.

Tofauti ya kulipwa kwa michango ya lazima ya wanachama na kuishi kwa hisani tumeiona wenyewe, Kongo ile ile. Desemba 2023 SADC, jumuiya yetu ya kusini mwa Afrika, ilipeleka misheni yake Kivu Kaskazini: Afrika Kusini, Malawi na sisi. Maadui wale wale, milima ile ile. Lakini chini ya bendera ya SADC ankara ya 1,428 haipo, mfuko ni wetu wenyewe. Agosti 2024 Baraza la Usalama, kwa azimio 2746, likairuhusu MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, isaidie kwa vifaa na uchukuzi, na Machi 2025 SADC ikaifunga misheni. Somalia nako, kwenye misheni ya Umoja wa Afrika: makao na chakula vililipwa na michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa, posho za askari zikatoka Umoja wa Ulaya kwa hiari. Januari 2016 Ulaya ikapunguza posho kwa asilimia 20, kutoka dola 1,028, na hapakuwa na mahakama ya kukata rufaa.

Ndiyo maana azimio 2719 la Desemba 2023 lilishangiliwa. Linaruhusu operesheni za Umoja wa Afrika zilipiwe hadi asilimia 75 kutoka michango ya lazima, kesi kwa kesi. Ilipofika kulitumia Somalia, Marekani haikukubali. Tena mtaniambia, si Baraza la Usalama hilo, Kamati ya Tano ingefanya nini? Swali zuri, na jibu langu ni nusu: idhini ni ya Baraza, lakini hoja iliyotumika kupinga ni ya kihasibu, kwamba ile asilimia 25 ya Afrika haionekani itatoka wapi. Mfuko wa Amani wa Umoja wa Afrika ulilengwa kufika dola milioni 400, na tozo ya asilimia 0.2 kwenye bidhaa zinazoingia iliamuliwa Kigali 2016. Ukienda mezani bila hiyo 25, umempa mpinzani kalamu ya kukukatia.

Mageuzi ya Baraza la Usalama nitayapitia mbio. Makubaliano ya Ezulwini ya 2005, yaani madai ya pamoja ya Afrika, mnayajua: viti viwili vya kudumu vyenye turufu, na vitano visivyo vya kudumu. Wanaosema haiwezekani kwa sababu wakubwa watano watapinga, wakasome kura ya Desemba 1963 iliyoongeza wajumbe kutoka 11 hadi 15. Kura 97 zilikubali na 11 zilikataa. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zilipinga, Marekani na Uingereza zikajizuia. Kwenye Baraza Kuu turufu haipo. Ibara ya 108 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inadai theluthi mbili, leo ni nchi 129, kisha nchi ziridhie kwao nyumbani, na hapo ndipo wakubwa wote wanahitajika. Kufikia Agosti 1965 wote watano walikuwa wameridhia, hata waliopinga. Jinsi walivyosukumwa ni mhadhara mwingine.

Maendeleo. Mwenyekiti, nimekiona kikaratasi, dakika tatu. Nitataja jambo moja. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi una njia ya nchi kuomba moja kwa moja kupitia taasisi yake yenyewe badala ya kupitia shirika la nje. Benki yetu ya CRDB ilipata ithibati 2019, na 2021 mfuko ukaidhinisha dola milioni 100 kwa mpango wake wa kilimo. Ithibati ile ni vitabu vya ukaguzi, sera za ununuzi, taratibu za malalamiko. Karatasi tena, mnaona.

Na hili la mwisho halimo kwenye mada. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu inayopitia orodha ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo ilituona tumefikia vigezo vya kutoka kwa mara ya kwanza. Tukifikia tena kwenye mapitio ya 2027, safari ya kutoka inaanza. Tukitoka, kile kikomo cha 0.01 kinaondoka, na lile punguzo la asilimia 90 linaondoka nalo. Kuna mwanafunzi wa uchumi humu? Nyoosha mkono. Wewe, na jirani yako. Chukueni jedwali la viwango, pigeni ankara yetu itakuwa kiasi gani, mniletee kabla Kamati ya Tano haijafungua Oktoba.

Mwenyekiti, kipaza sauti ni chako.