Elifazi Anapokuja na Mtori
(Mazungumzo katika semina ya jumuiya, Moshi)

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya kurudiwa na Mungu, yaani kuadhibiwa naye ili tujifunze. Waebrania 12 mnaijua: Bwana humrudi yule ampendaye. Walioandikiwa barua ile walikuwa wameshanyang'anywa mali zao, sura ya 10 inasema. Na mwandishi hawadanganyi kwamba haiumi. Anakiri kuwa kila adhabu, wakati wake, ni huzuni. Nampendea hapo, maana sisi wahubiri huyaruka maneno hayo tukakimbilia matunda ya haki.

Ila leo tukae kwa Ayubu. Fungueni sura ya 5, mstari wa 17. Ana heri mtu anayeadhibiwa na Mungu, asidharau kurudiwa na Mwenyezi. Nani anasema? Elifazi Mtemani, rafiki yake Ayubu. Haya, twendeni sura ya 42, mstari wa 7. Mungu anamwambia Elifazi huyohuyo kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili.

Mbona? Fundisho lake linakubaliana kabisa na Waebrania! Lakini alimtwika nalo mtu mwenye majipu mwili mzima, aliyefiwa na watoto kumi, na yeye Elifazi hajui lolote la yale yaliyosemwa mbinguni kati ya Mungu na Shetani katika sura ya 1. Siku saba za kwanza wale marafiki walikaa chini na Ayubu, kimya. Wangeishia hapo tungewasifu mpaka leo.

Nasema haya kwa kuwa na sisi tunayafanya. Mama amefiwa na mumewe, jumuiya inafika, mtori kwenye hotpoti, kanga mabegani. Tunaimba, tunaomba. Wakati wa kuaga mmoja wetu anabaki nyuma, anamshika mkono, anamnong'oneza: "Jichunguze, mama. Mungu hampigi mtu bure." Kisha anavaa viatu vyake mlangoni na kuondoka, ameridhika kwamba ameshuhudia. Yule mama anabaki kupekua ndoa yake yote, usiku kucha, akitafuta dhambi iliyomuua mume.

Sisemi Mungu harudi watu. Anarudi. Mimi mwenyewe nikiumia nina haki ya kumuuliza, "Bwana, unanifundisha nini?" Swali hilo ni langu na Baba yangu. Jirani kazi yake imeandikwa Waebrania 12, mstari wa 12: mikono iliyolegea inyoshwe, na magoti yaliyopooza.

Na kuvumilia hakungoji maelezo. Ayubu hakuambiwa kamwe habari ya Shetani. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Kijerumani, walipoondolewa na Waingereza, sharika za mlimani hapa zilibaki mikononi mwa walimu wa Kichaga. Kama ilikuwa adhabu, ilikuwa ya nani, na kwa kosa gani? Walimu wale waliendelea kufundisha.

Sasa la Alhamisi. Tunakwenda kwa dada yetu aliyefiwa na mwanawe. Mchele na sukari vipo kwa mhazini, kuni wachukue vijana. Isomwe Zaburi moja, fupi. Akitaka kulia, alie. Akitaka kumlalamikia Mungu mbele yetu, mwacheni, Ayubu alilalamika sura nyingi tu. Mwenye ufafanuzi wa kwa nini kijana amekufa, namwomba sana, kwa heshima zote, abaki nyumbani.